Giaboksi ya Gari la Mikate

Jumanne asubuhi Bi Stoo alitoka jikoni na birika la chai mkononi akakuta meza yake imekaliwa. Dude jeusi, zito, lenye shingo ndefu na tumbo pana, lilikuwa limelazwa katikati ya kitambaa cheupe, likidondosha mafuta taratibu kama mtoto anayetokwa na udenda. Wanaume wawili walikuwa wamesimama kando yake, wakilitazama kwa mahaba ambayo yeye, katika miaka ishirini na sita ya ndoa, hakukumbuka kutazamwa nayo.

"Giaboksi," alisema mumewe.

"Naiona. Nauliza chai niiweke wapi."

"Popote, mke wangu. Leo si siku ya kuulizana habari za chai."

Mtaa mzima ulimwita mume huyu Dereva, kwa kuwa alikuwa ameendesha malori ya kampuni moja ya usafirishaji tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Mkewe walimwita Bi Stoo kwa sababu alitunza stoo ya vipuri ya kampuni hiyohiyo. Kampuni ilikuwa imefungwa miezi saba iliyopita. Wote wawili walipoteza kazi siku moja, kwa tangazo moja lililobandikwa getini kwa gundi, na wakabaki na majina ya kazi ambazo hazipo.

Mwanamume wa pili alikuwa fundi wa magari aitwaye Profesa. Hakuitwa hivyo kwa kusoma, aliitwa hivyo kwa kueleza. Ukimletea tairi lililopasuka atakueleza mpira ulivyogunduliwa, na ukitoka hapo tairi bado limepasuka.

Uani palikuwa na gari la Dereva, kikongwe chenye mgongo wa duara na injini nyuma, kizee kuliko wote waliokuwa wakikitazama isipokuwa mama yake Dereva. Rangi yake ilikuwa bado inang'aa na viti vyake vya ngozi havikuwa na mkwaruzo. Gari hilo ndilo lililokuwa limewaletea tumaini. Mwanamke mmoja mwenye studio ya picha za harusi, Mama Picha, alikuwa ameliona kupitia geti lililo wazi akapita, akarudi, akabisha hodi. Magari mapya kila mtu anayo, alisema. Mabibi harusi wa siku hizi wanataka gari la enzi za bibi zao. Angekuja Ijumaa saa nne kulipanda. Likienda vizuri, Dereva angepata mkataba wa mwaka mzima, yeye na gari lake. Lisipoenda, kulikuwa na mzee mwingine mtaa wa pili mwenye gari jeupe.

Shida ni kwamba gari halikuwa linakwenda kokote. Meno ya gia ya pili yalikuwa yamekatika yakatoka na mafuta, vipande vipande, na giaboksi ya umri ule haikupatikana tena duniani. Ndipo Profesa alipoipata hii, kwenye uwanja wa vyuma chakavu.

"Lakini hii si ya gari letu," alisema Bi Stoo.

"Shemeji, hii ni ya gari la mikate," alisema Profesa, akiegemea meza kama mtu anayefungua mhadhara. "Kiwanda ni kimoja, baba mmoja mama mmoja. Matundu ya bolti yanalingana kama pacha. Klachi yake ni kubwa kidogo kuliko yenu, basi tunabadilisha klachi pamoja na flaiwili, ile sahani nzito inayoibeba, biashara imekwisha."

Bi Stoo aliweka birika sakafuni. Alikuwa ameshaiona namba iliyogongwa tumboni mwa lile dude, na alikuwa ameijua kama mtu anavyojua sauti ya jirani.

"Hiyo ya gari la mikate," alisema, "kabla hamjaifunga, kuna jambo..."

Dereva aliinua kiganja, kama askari anayesimamisha magari. "Mke wangu. Stoo ni stoo, spana ni spana. Wewe ulikuwa unatoa vipuri dirishani. Kufunga ni kazi nyingine."

Profesa akacheka. Hakucheka sana, alicheka puani tu, ila alicheka.

Maneno ya mumewe angeyameza. Alikwisha kumeza magumu kuliko hayo. Kicheko cha Profesa ndicho kilichomkwama kooni. Miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa nyuma ya lile dirisha, akitambua beringi kwa kuishika tu gizani, na leo anachekwa puani na mtu ambaye aliwahi kurudisha pampu ya maji akidai ni ya mafuta. Akachukua birika lake, akarudi jikoni, akala kiapo kimoyomoyo kwamba hawatasikia neno kutoka kwake.

Na neno lenyewe halikuwa refu. Gari la mikate, kwa kuwa hubeba mzigo, lina meno mengine ya ziada huko kwenye magurudumu ya nyuma, na meno hayo hugeuza mzunguko. Kwa hiyo waliolitengeneza waliliweka gurudumu kubwa la meno, lililo ndani ya giaboksi, upande wa pili, ili mizunguko miwili iliyogeuzwa itoke sawa. Gari dogo la duara halina meno hayo magurudumuni. Ukilifungia giaboksi ya gari la mikate bila kuhamisha lile gurudumu la ndani, utapata gari lenye gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele.

Bi Stoo aliyajua haya kwa sababu fundi mmoja wa kampuni aliwahi kufanya kosa hilo, na yeye ndiye aliyepokea giaboksi iliyorudishwa na kuandika sababu kwenye daftari.

Mama yake Dereva, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuwa barazani akichambua mchele. Alimtazama mkwe wake akipita.

"Mwanangu, hiyo meza imefanya kosa gani mpaka ipigwe na chuma?"

"Muulize mwanao, mama. Mimi ni wa dirishani."

*

Siku mbili walikula wameshika sahani mapajani. Jumatano mchana injini ilikuwa imeteremshwa, klachi kubwa imefungwa, na Dereva na Profesa walikuwa wamelala chini ya gari wakigombana kuhusu kuinyoosha klachi pleti. Pleti isipokaa katikati kabisa, shafti ya giaboksi haiingii, hata mkisukuma mpaka kesho. Profesa alikuwa amechonga kijiti, akakizungushia utepe mpaka kikaenea tundu, na kwa hakika kazi hiyo aliifanya vizuri. Shafti iliingia na mlio mdogo wa kuridhisha. Bi Stoo aliusikia jikoni na, licha ya kiapo chake, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kazi nzuri ni kazi nzuri hata ikifanywa na mjinga.

Walipokwisha kuning'iniza kila kitu mahali pake, waliinua nyuma ya gari kwa jeki wakaliweka juu ya matofali. Dereva akaketi kwenye usukani. Profesa akainama kando ya gurudumu, akafumba macho ili asikilize vizuri.

"Washa! Haya, gia ya kwanza!"

Injini ikanguruma, klachi ikaachia laini kama siagi, na magurudumu mawili ya nyuma yakaanza kuzunguka kwa furaha.

Bi Stoo alikuwa dirishani mwa jiko, kisu mkononi, kitunguu nusu. Aliyaona magurudumu. Yalikuwa yanazunguka kinyume. Dereva, aliyekuwa ameangalia mbele, hakuweza kuyaona. Profesa, aliyekuwa nayo puani, alikuwa amefumba macho.

"Sikilizeni muziki huo!" alipiga kelele Profesa. "Hakuna hata mkwaruzo! Gia ya pili!"

Yakazunguka kinyume kwa kasi zaidi.

Hapa palikuwa mahali pa kusema, na Bi Stoo alijua ni hapa. Kwa miezi saba alikuwa akimwona mumewe anaamka alfajiri, anapiga viatu rangi, anatoka, na kurudi saa sita akisema "nimeonana na watu." Hakukuwa na watu. Jirani alikuwa amemwambia: mumeo anasimama nje ya geti la kampuni, analitazama kufuli, halafu anarudi. Bi Stoo hakuwahi kumwambia kwamba anajua. Na sasa mtu huyohuyo alikuwa amekaa kwenye usukani, kidevu juu, akicheka kama mvulana.

Akaweka kisu chini, akatoka mpaka mlangoni. "Baba watoto," aliita.

Dereva akatoa kichwa dirishani, uso umemjaa mafuta na ushindi. "Umesikia, mke wangu? Sema kweli, hata nyinyi wa stoo si mmesikia?"

Profesa akacheka puani.

"Chakula tayari," alisema Bi Stoo, akarudi ndani.

Nitasema kesho, alijiambia. Kesho Alhamisi, Profesa akiwa hayupo, baada ya chai, nitasema. Siku nzima itakuwa imebaki, na kazi yenyewe ni ya nusu siku. Kesho; leo acha alale kidogo na kiburi chake. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na mtu anayejiambia hivyo huwa ameshapotea njia.

*

Alhamisi saa tatu, chai ikiwa bado haijachemka, Mama Picha alibisha hodi getini.

Alikuwa mwanamke mrefu mwenye kofia pana na mkoba mkubwa, na alisema amekuja siku moja mbele kwa kuwa Ijumaa asubuhi yote alikuwa na harusi, lakini haidhuru, si gari liko tayari?

"Liko tayari tangu jana!" alisema Dereva. Akakimbilia ndani kuvaa koti lake la kazi, lile la kampuni, ambalo vifungo vyake bado vilikuwa na nembo.

Bi Stoo alimkimbilia chumbani. "Baba watoto, subiri. Kabla hujalitoa..."

"Mke wangu, koti langu liko wapi? Hili hapa. Nimekaaje? Kola imekaa?"

"Kola imekaa. Nisikilize. Gari..."

"Gari niachie mimi," alisema Dereva, akambusu kwenye paji la uso, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kampuni ifungwe, na kwa busu hilo akamnyima nafasi. Alikuwa nje kabla mkewe hajapata pumzi ya pili.

Profesa alikuwa ameshafika, kwa sababu mtu wa namna yake hunusa hadhira. Majirani walikuwa wametoka. Mama Dobi, aliyekodi vyumba vya nyuma na kufua nguo za watu, alikuwa amejaza kamba zake zote mashuka meupe. Bibi alisogeza sinia la mchele ili aone vizuri.

Dereva alifungua mlango kwa heshima zote, Mama Picha akainama, akaingia nyuma na kofia yake. Profesa akamweleza kupitia dirishani jinsi klachi inavyofanya kazi. Dereva akaketi, akaweka kioo sawa, akakanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza, akatazama mbele kuelekea getini kama nahodha.

Gari likaondoka kwa upole mkubwa, bila kushtuka hata kidogo, likarudi nyuma.

Dereva, kama dereva yeyote aliyeona gari halimtii, aliongeza mafuta. Likarudi nyuma kwa kasi zaidi. Likapita kuku, likapita ndoo, likaingia katikati ya kamba za Mama Dobi, na shuka la kwanza likalifunika kioo cha nyuma, la pili likafunika paa, la tatu likaingia dirishani na kumkumbatia Mama Picha. Lilipogota kwenye pipa la maji na kusimama, gari lilikuwa limejitanda mashuka kutoka juu mpaka chini, bi harusi mwenyewe.

"Nguo za watu!" alipiga mayowe Mama Dobi. "Nguo za watu jamani!"

"Badilisha gia!" alifoka Profesa. "Weka ya pili!"

Dereva aliweka ya pili. Pipa likapasuka.

Kisha, kwa kukata tamaa, akaingiza gia ya kurudi nyuma, na gari likaanza kwenda mbele. Lilikwenda mbele kwa mwendo wa mgonjwa, likipiga kelele ya kulia ambayo gia hiyo hupiga, mashuka yakiburuzika matopeni, na likamfikisha Mama Picha mbele ya baraza, pale pale alipopandia. Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Mama Dobi mwenyewe, kilio mdomoni, alikuwa anacheka. Kati ya watazamaji, Bi Stoo peke yake hakucheka.

Mama Picha alishuka, akajitoa kwenye shuka, akaitafuta kofia yake. Alikuwa na adabu, hakupaza sauti.

"Bwana," alisema, "mimi nahitaji kuwapeleka maharusi kwenye nyumba zao mpya. Wewe unawarudisha kwa wazazi."

"Ni hitilafu ndogo, mama. Nipe mpaka kesho."

"Kesho saa nane, baada ya ile harusi ninayoipiga picha, nitapita. Lisipokuwa sawa, nakwenda kwa mwenye gari jeupe." Akapangusa viatu, akaondoka.

Dereva alimgeukia fundi wake. Profesa alikuwa amekumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa mahali fulani, na mgonjwa huyo alikuwa mahututi kweli, kwa maana Profesa aliondoka akikimbia.

*

Dereva hakushuka garini. Alikaa kwenye usukani, koti la kampuni limelowa, mikono mapajani. Watu walipotawanyika, Bi Stoo alimpelekea kikombe cha chai dirishani. Hakukipokea.

Bibi aliinuka barazani, akaja na fimbo yake taratibu, akasimama upande wa pili wa gari.

"Mwanangu," alimwambia Dereva, "watu wote hapa walishangaa. Mimi nilishangaa. Kuku walishangaa. Mkeo hakushangaa. Muulize kwa nini." Halafu akarudi kwenye mchele wake, kazi yake imekwisha.

Dereva aligeuza kichwa polepole. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne. Tangu ilipokaa juu ya kitambaa changu."

"Ukaniacha!" Sauti ilimkatika. "Ukaniacha nivae koti, nifungue mlango, nichekwe na mtaa mzima mpaka na kuku! Mke gani wewe?"

"Mke wa dirishani!" Bi Stoo naye akawaka. Chai ikamwagika. "Jumanne nilifungua mdomo ukanionyesha kiganja mbele ya yule bwege, akanicheka ndani ya nyumba yangu. Jana nimetoka mpaka mlangoni, ukanirushia stoo tena. Leo nimekufuata chumbani ukaniuliza habari za kola! Nilitaka uniulize mara moja tu. Mara moja! Miaka ishirini na miwili watu wazima na digrii zao walikuwa wanapanga foleni kuniuliza mimi hii inaingia wapi. Wewe ukasema natoa vipuri."

Bi Stoo alivuta pumzi, na hasira ikamshuka, akabaki na kile kilichokuwa chini yake.

"Lakini na mimi nimekukosea," alisema. "Nakuona unavyopiga viatu rangi kila asubuhi. Najua unakokwenda. Najua kufuli lile unavyolitazama. Nilijua kazi hii ni nini kwako, na bado nikakaa kimya kwa kununa. Hilo sijisamehei."

Alitegemea mumewe atakasirika kwamba siri yake imejulikana. Badala yake mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Tangu lini unajua hilo nalo?"

"Tangu mwezi ule wa kwanza."

"Kumbe nachakaza rangi ya viatu bure," alisema Dereva.

Kisha akashuka garini, akaingia ndani, akatoka na daftari na kalamu, akaweka daftari juu ya boneti, akaandika kwa muda mrefu ulimi ukiwa nje. Alipomaliza alichana karatasi, akalizunguka gari, akampa mkewe kwa mikono miwili.

Katika kampuni ile hakuna aliyepata hata nati stoo bila fomu ya maombi. Sheria hiyo alikuwa ameisimamia Bi Stoo bila huruma. Mumewe mwenyewe aliwahi kuendesha lori siku nzima ya mvua bila waipa kwa sababu fomu haikuwa na tarehe. Karatasi aliyopewa sasa ilikuwa na mistari yote ilivyotakiwa. Jina la mwombaji: Dereva. Kifaa kinachoombwa: maelezo ya giaboksi. Idadi: yote. Sababu ya kuharibika kwa kilichopo: kiburi cha mwombaji.

Bi Stoo aliisoma mara mbili. Herufi zilianza kumchezacheza machoni.

"Hujatia sahihi," alisema.

Akatia sahihi.

"Haya, vua koti. Lete jeki."

*

Mchana ule Bi Stoo alivaa suruali ya zamani ya mumewe, akajifunga kitambaa, akalala chini ya gari kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Mambo mengi aliyajua kwa namba na hakuwahi kuyajua kwa mkono. Bolti nne za injini alizijua urefu wake kwa milimita, lakini hakujua kwamba ile ya juu haionekani na hutafutwa kwa kupapasa huku ukiomba dua. Hapo Dereva alimwongoza. "Pole pole, mama. Kushoto kidogo. Hapo." Alisema bila kujidai, naye alisikiliza bila kununa.

Waliishusha injini, wakaitoa giaboksi, wakaipeleka ilipoanzia, mezani. Kitambaa kilikuwa hakifai tena kwa lolote. Wakafungua vifuniko vya pande mbili, na ndani yake, limelala kwenye mafuta meusi, lilikuwepo gurudumu kubwa la meno, upande wa kulia.

"Linahamia kushoto," alisema Bi Stoo. "Lakini angalia hizi." Alichomoa kwa ncha za vidole washa, vile vipete vya chuma, nyembamba kama karatasi. "Hizi ndizo zinazolipa nafasi. Ikipotea moja, meno yatasagana ndani ya mwezi. Ziko ngapi?"

"Tano."

"Mama, zishike," alimwambia Bibi, aliyekuwa amevutwa na zogo mpaka mezani. Bibi akazipokea kwenye kiganja, akakifumba, akakaa nacho hivyo jioni nzima. Alikataa hata kula kwa mkono huo.

Giza lilipoingia waliacha, kwa sababu Bi Stoo alisema washa hazifungwi kwa kubahatisha. Alfajiri wakaendelea. Gurudumu likakaa upande wa kushoto. Bi Stoo akalizungusha kwa kidole, akasikiliza, akaongeza washa moja upande huu, akapunguza upande ule, akalizungusha tena mpaka likawa halilegei wala halikazi. Klachi hawakuigusa, kazi ile ya Profesa ilikuwa safi na Bi Stoo alisema wazi kwamba ilikuwa safi. Saa tano gari lilikuwa juu ya matofali.

"Gia ya kwanza," alisema Bi Stoo, macho wazi, pua karibu igusane na tairi.

Gurudumu lilizunguka. Alilitazama mizunguko kumi kamili, asije akawa anajidanganya.

"Mbele," alisema. Dereva akazima injini, akaweka paji la uso juu ya usukani, na hakuna aliyemuuliza kama analia.

*

Saa nane Mama Picha alirudi, bila kofia. Alikataa kuingia garini. Alisimama nyuma ya nguzo ya baraza. Mama Dobi alikuwa ameanua kila kitu, mpaka na vibanio. Majirani walijaa zaidi ya jana, maana jana wengine walikosa vituko, na mbele yao wote alisimama Profesa, ambaye mgonjwa wake alikuwa amepona.

Dereva alikanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza. Gari lilikwenda mbele. Lilizunguka uwanja, likatoka getini, likasikika barabarani likibadilisha gia ya pili, ya tatu, ya nne, sauti ikafifia, kisha ikarudi, na gari likaingia tena na kusimama mbele ya baraza bila hata kutikisika. Baadhi ya watu walionekana kusikitika.

"Sasa hilo ndilo gari," alisema Mama Picha, akitoka nyuma ya nguzo. "Mkataba ninao kwenye mkoba. Ila nambie, nani kalitengeneza?"

"Sisi mafundi," alisema Profesa, akisogea mbele na kuweka mkono juu ya paa, "kwa kawaida huanza na jaribio la kinyume, ili..."

Dereva alishuka. Bi Stoo alikuwa mlangoni, mafuta mpaka viwikoni. Kazi ilikuwa imeshapatikana. Hakuna aliyemlazimisha mumewe kusema lolote, na uwanja wote ulikuwa unamtazama.

"Huyu alifunga klachi, na aliifunga vizuri," alisema Dereva. "Giaboksi tuliifunga mimi na yeye kama vipofu. Aliyejua kosa, akaifungua, akaigeuza, akaifunga gari likaenda mbele, ni mke wangu. Mimi nilikuwa nampa spana."

Kicheko kilianza nyuma, kikafa chenyewe kwa kukosa mtu wa kukiendeleza. Mama Picha alimtazama Bi Stoo kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka miguu pekupeku.

"Nina magari mawili ya zamani kule studio. Yamelala mwaka wa pili. Mafundi watatu wameniletea maelezo, hakuna aliyeniletea gari. Jumatatu saa mbili njoo uyaone. Nataka mtu anayejua kitu kabla hakijaharibika."

Bibi alikohoa barazani.

"Nitakuja," alisema Bi Stoo. "Na nikijua kitu, nitakisema siku hiyohiyo."

"Lakini studio ni mbali, mama," alisema Dereva. "Jumatatu atakwenda na nini?"

Mama Picha alikuwa ameshatoa kalamu. "Kwani hana dereva?"

Uwanja ukalipuka, na aliyecheka kwanza na kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Dereva. Alipangusa macho kwa kiwiko, akafungua mlango wa nyuma wa gari, akainama kwa heshima zote, kama alivyokuwa akimfungulia mteja.

Bi Stoo aliteremka barazani na mafuta yake. Akaupita mlango ule bila kuutazama, akafungua wa mbele mwenyewe, akaketi kando ya usukani.

"Twende wapi, mama?" aliuliza Dereva alipoingia.

"Mbele," alisema Bi Stoo. "Pengine tutapajua tukifika."

Akaingiza gia ya kwanza.